Diklo haijui goti liko wapi

Saa moja asubuhi, gati la Lamu. Mashua za Mokowe zimeleta saruji, na mahamali wanaishusha mfuko kwa mfuko, kilo hamsini kila safari, begani, juu ya ngazi zenye utelezi. Tazama mifuko ya mashati yao. Kwa wengi utaona ncha ya pakiti ya rangi ya fedha inachungulia. Hamali mmoja aliniambia bila kuona haya kwamba humeza kidonge kimoja cha diklo, dawa ya maumivu, kabla ya kazi, "kuzuia", na kingine jioni, "kushusha". Aliyasema hayo kama mtu anayeeleza jinsi ya kutia mafuta injini ya boti.

Ami yangu alikuwa hivyo hivyo. Alipasua mawe Maweni, ng'ambo ya pili kule Manda, kwa miaka mingi, na alipoacha kazi, maguu hayakuacha kuuma. Kila baada ya Isha alimeza diklo moja kama wenziwe wanywavyo kahawa. Duka alilokuwa akinunua halikuwahi kumuuliza swali hata moja. Ramadhani fulani, kumi la katikati, akitoka tarawehe, alianguka kwenye ngazi za nyumba. Sisi tulisema ni njaa na uzee. Alipofikishwa hospitali, daktari aliuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa tayari kulijibu mbele ya wakwe: "Choo chake kina rangi gani?"

Kilikuwa cheusi. Kwa siku nne tayari, na mwenyewe alikuwa ameona, lakini nani huku kwetu hutoka chooni akatangaza? Alitiwa damu, akawekwa wodini, akapona. Alipopata nguvu ya kusema, alisema kwa hasira, "Mimi naumwa na goti. Tumbo lahusu nini?"

Nimelifikiria swali hilo muda mrefu, kwa sababu ni swali zuri kuliko alivyodhani mwenyewe. Ukijua kwa nini dawa ya goti hutoboa tumbo, utakuwa umejua karibu kila kitu kuhusu dawa hii: inakofaa, inakoua, na kwa nini huwezi kukipata kimoja bila kingine.

Ukoo mmoja, majina mengi

Diklo ni kifupi cha diklofenaki. Waliiunda wanakemia Alfred Sallmann na Rudolf Pfister wa kampuni ya Ciba-Geigy ya Uswisi, ikaingia sokoni miaka ya 1970 kwa jina la Voltaren. Siku hizi inatengenezwa na viwanda vingi duniani na kila kimoja huipa jina lake, ndiyo maana pakiti mbili zisizofanana hata rangi zinaweza kuwa na kitu kile kile ndani.

Ina ndugu. Aspirini ndiye mzee wa ukoo. Felix Hoffmann aliitengeneza ikiwa safi, bila mchanganyiko, katika kampuni ya Bayer mwaka 1897. Ibuprofeni ilitoka Uingereza na kuanza kuuzwa huko mwaka 1969. Wapo pia naproksini, indomethasini, piroksikamu, meloksikamu na selekoksibu. Kwa lugha ya hospitali huitwa dawa za kutuliza maumivu na uvimbe zisizo za steroidi. Steroidi ni ukoo mwingine, wenye nguvu nyingine na balaa nyingine.

Panadol, yaani parasetamoli, si wa ukoo huu. Ni jirani tu. Inashusha homa na maumivu lakini uvimbe inaugusa kidogo sana, na kwa dozi ya kawaida hailichubui tumbo. Ina hatari yake: ukizidisha huua ini. Basi mtu akikuambia "zote ni dawa za maumivu", mwambie mtepe na jahazi zote ni vyombo vya baharini.

Ukoo huu nimeutaja kwa majina kwa sababu moja. Ajali nyingi hazitokani na mtu kumeza diklo nyingi kwa makusudi. Mtu anachomwa sindano ya diklo zahanati asubuhi, ana ibuprofeni nyumbani aliyopewa kwa ajili ya jino, na jioni kichwa kikimuuma ananunua dukani vile vidonge vya kichwa vya pakiti ndogo, ambavyo vingi vina aspirini ndani. Yeye anahesabu dawa tatu za magonjwa matatu. Tumbo lake linahesabu dawa moja mara tatu.

Hata diklo peke yake ina hesabu. Kwa mtu mzima, kikomo cha siku ni miligramu 150. Kichupa kimoja cha sindano huwa na 75. Ukichomwa kimoja kisha ukapewa vidonge vya 50 umeze mara tatu siku hiyo hiyo, umefika 225, na hakuna aliyekudanganya. Kila mmoja alikupa dozi iliyo sahihi kwake.

Mbiu ya mgambo

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mwili nao una mbiu yake, na jina lake ni prostaglandini.

Ukiteguka kifundo cha mguu kwenye mawe ya pwani, seli zilizoumia hutengeneza prostaglandini pale pale. Hizi hupanua mishipa ya damu, ndipo unapoona wekundu na kuhisi joto. Husaidia majimaji yavuje kwenye nyama, ndipo mguu unapovimba. Zaidi ya yote, hunoa ncha za neva, hata shuka likigusa unaruka. Si ukorofi, mwili unakulazimisha ukae chini ili matengenezo yafanyike.

Zinatengenezwa na kimeng'enya ambacho wataalamu hukiita COX kwa kifupi. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini hufanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya hiki, na mwaka 1982 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Wasweden wawili, Sune Bergström na Bengt Samuelsson. Yaani watu walikuwa wamemeza aspirini kwa zaidi ya miaka sabini bila yeyote kujua inapita mlango gani. Diklo hufanya vivyo hivyo: huingia katika kimeng'enya na kukaa kwa muda, kama njiti iliyochomekwa kwenye tundu la kufuli. Ikiwa bado imo, ufunguo halali hauingii. Prostaglandini hazitengenezwi, neva zinatulia, uvimbe unashuka.

Angalia lakini. Kilichonyamazishwa ni mbiu. Jambo lenyewe bado lipo. Gegedu la goti la ami lililolika kwa miaka ya kupiga magoti juu ya mawe halikuota upya kwa sababu ya diklo. Alipewa tu usiku wa usingizi. Usingizi si kitu kidogo, na sitamcheka mtu anayeutafuta. Lakini yule hamali anayemeza "kuzuia" ananyamazisha onyo kabla halijatolewa, kisha anabeba mfuko wa hamsini juu ya mgongo uliozibwa mdomo.

Sasa turudi kwenye swali la ami. Prostaglandini hazitumiki kwa vita tu. Tumboni ndizo zinazoamuru ute utandazwe juu ya ukuta wa tumbo, ndizo zinazolinda damu ipite vizuri kwenye ukuta huo, ili asidi yenye uwezo wa kuyeyusha nyama ya ng'ombe isiyeyushe nyama yako. Kwenye figo zinashika mlango wazi ili damu iingie. Kwenye chembe za kugandisha damu, kimeng'enya hicho hicho hutengeneza kitu kinachozifanya zishikane jeraha likitokea.

Diklo ikishaingia kwenye damu huenda popote damu iendapo. Haina macho. Haijui goti liko wapi. Inazima mbiu ya goti na inamwondoa mlinzi wa tumbo kwa mkono ule ule, saa ile ile.

Wataalamu waligundua baadaye kwamba COX ziko aina mbili: COX-1, inayofanya kazi za kila siku kama kulinda tumbo, na COX-2, inayoamka zaidi kukiwa na jeraha. Wakafikiri wamepata dawa isiyo na lawama: zuia ya pili, iache ya kwanza. Matokeo yake nitayasema mbele, hayakuwa mepesi.

"Mimi nachoma sindano, haipiti tumboni"

Sentensi hii nimeisikia Langoni, nimeisikia Shela, nimeisikia ndani ya boti ya Faza. Inaonekana ina akili, na ndiyo maana inaumiza.

Ni kweli kidonge kinaweza kulichubua tumbo kidogo kwa kuligusa. Lakini madhara makubwa hayaji kwa kugusa, yanakuja kwa njia ya damu, kama nilivyoeleza. Sindano inaingia kwenye damu. Ile ya kuweka njia ya haja kubwa inaingia kwenye damu. Mlinzi wa tumbo anaondoka vile vile, na mtu anaweza kupata kidonda cha tumbo bila kidonge kimoja kupita kooni. Ganda gumu la vidonge vya diklofenaki sodiamu nalo limewadanganya wengi. Linazuia kidonge kisiyeyuke tumboni kikayeyukie kwenye utumbo, basi. Halizuii damu kurudi tumboni na dawa ndani yake. Ganda hilo usilivunje wala usilitafune, lakini pia usiliamini kupita kiasi.

Sindano ina lake la ziada. Ikichomwa pasipofaa kwenye tako inaweza kuumiza neva kubwa ya mguu, na mara chache ngozi na nyama za pale hufa na kuacha donda. Sasa fikiria mtu anayekwenda kuchomwa kila akipata kiuno, kwa mtu yeyote mwenye bomba la sindano. Kwa mtu asiyetapika na anayeweza kumeza, sindano ya diklo kwa maumivu ya kawaida haina faida ya kutosha kulipia hatari hiyo. Huo ni msimamo wangu, na najua wapo watakaobisha kwa sababu sindano "inashika".

Na chakula je? Kumeza baada ya kula hupunguza kichefuchefu na kiungulia, kwa hiyo fanya hivyo. Lakini chakula hakimrudishi mlinzi aliyeondolewa. Glasi ya maziwa nayo haimrudishi. Kinachosaidia kwa kweli, kwa mtu ambaye lazima atumie dawa hizi kwa muda na yuko hatarini, ni dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli, inayotolewa na daktari pamoja na diklo. Hatari inapanda kwa aliyepita miaka 60, kwa aliyewahi kuwa na vidonda vya tumbo, kwa mwenye bakteria wa tumbo anayeitwa Helikobakta, kwa anayetumia aspirini ndogo ya moyo, wafarini ya kuzuia damu kuganda, au vidonge vya steroidi. Ami alikuwa na mawili katika hayo. Hakuna aliyemhesabia.

Ramadhani inahitaji aya yake. Wanavyuoni wengi wa zama zetu wanaona sindano isiyo ya lishe haibatilishi saumu, na hapo ndipo baadhi ya watu wanapoona njia: mchana wa saumu, kiuno kinauma, twende tukachomwe. Saumu inasalimika. Tumbo tupu na mwili uliokauka ndivyo vinavyolipa. Kama huna budi, kidonge baada ya futari, na maji ya kutosha usiku, ni bora kuliko sindano ya adhuhuri. Na kama maumivu ni ya kuhitaji dawa hizi mchana na usiku, hayo ni mazungumzo ya daktari, na ya sheikh wako.

Dalili ya hatari ni ile daktari aliyoiulizia. Choo cheusi, chenye kunata na harufu kali, cheusi kama lami (vichochoro vyetu havina lami, lakini sote tumewahi kufika Mombasa). Hiyo ni damu iliyopikwa na asidi. Au matapishi yenye damu, au kama machicha ya kahawa. Kizunguzungu ukisimama, moyo kwenda mbio, jasho baridi. Na usingoje tumbo liume kwanza. Diklo ni dawa ya maumivu, inaweza kuficha maumivu ya kidonda kilekile ilichokisababisha, mpaka siku kinapotoboka. Hapo ni boti ya haraka na hospitali, usiku huo huo. Anayetumia vidonge vya madini ya chuma atapata choo cheusi pia bila ubaya, na aseme hivyo kwa daktari.

Mvuvi, jua na figo

Tumbo ndilo linalojulikana. Figo hazina mdomo.

Mtu akipungukiwa na maji, mwili hubana mishipa ya damu ili presha isianguke. Mishipa ya figo nayo ingebanwa, figo zikose damu, kama si prostaglandini kuushika mlango wazi. Kwa mtu aliyekunywa maji vizuri kazi hii ni ndogo, hata ikizimwa siku mbili hakuna kinachotokea. Kwa mvuvi aliyeshinda juani siku nzima na chupa moja ya maji, kwa mpasua mawe wa Maweni, kwa mtoto mwenye kuhara, ndiyo kamba pekee. Diklo inaikata. Figo zinaweza kudhoofika ndani ya siku chache, na mara nyingi hupona dawa ikiachwa mapema, lakini si mara zote.

Mbaya zaidi ni mchanganyiko unaopatikana kwenye nyumba nyingi za wazee: dawa ya presha kama enalaprili au losatani, pamoja na kile kidonge cha kukojoza cha kupunguza maji mwilini, kisha diklo juu yake. Moja inalegeza mlango wa kutokea wa figo, ya pili inapunguza maji, ya tatu inabana mlango wa kuingilia. Zikiwa tatu, figo zinabaki kama birika iliyofungiwa bomba. Hata bila figo kushindwa, diklo inafanya mwili ushike chumvi na maji, miguu ivimbe na presha ipande. Nimeona mzee akiongezewa dawa ya presha mara mbili, na hakuna aliyeuliza anameza nini kwa ajili ya goti.

Nguvu ya dawa hii juu ya figo ilionekana wazi mahali pasipotarajiwa. Kusini mwa Asia, tumbusi wa aina fulani walianza kutoweka miaka ya 1990, wakapungua kwa zaidi ya asilimia 95. Mwaka 2004 ikagundulika walikuwa wakila mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki, na figo zao zilikuwa zinakufa. India iliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Sisi si tumbusi, figo zetu zinavumilia zaidi. Lakini kwa kuwa huu ni mji wa punda na paka, niseme: usimpe mnyama dawa yako ya maumivu. Paka hasa hawezi kuivunja mwilini kama sisi, na hata Panadol humuua.

Moyo

Nilisema yale ya COX-2 hayakuwa mepesi. Moja ya dawa zilizolenga COX-2 tu, Vioxx ya kampuni ya Merck, iliondolewa sokoni duniani kote Septemba 2004 baada ya kuonekana inaongeza shambulio la moyo na kiharusi. Watu wakarudi kuzichunguza dawa za zamani, na ikaonekana diklo, ingawa ni ya zamani, inaizuia COX-2 kiasi cha kukaribiana na dawa hizo mpya. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2013 ulikadiria kwamba kati ya watu 1,000 wanaotumia diklofenaki kwa dozi kubwa mwaka mzima, watatu zaidi hupata shambulio la moyo, kiharusi au mfano wake, na mmoja wao hufa. Mwaka huo huo mamlaka ya dawa ya Ulaya ikaelekeza isitumiwe kabisa na mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, moyo ulioshindwa, au aliyewahi kupata kiharusi. Uingereza tangu 2015 vidonge vyake haviuzwi bila cheti cha daktari.

Watatu kati ya elfu si wengi kwa kijana wa miaka 25 anayemeza siku tatu. Kwa mzee mwenye presha na sukari, kila siku, miaka kumi, hesabu ni nyingine.

Anayetumia aspirini ndogo kwa ajili ya moyo ajue pia kwamba ibuprofeni humkalia kiti aspirini. Ikitangulia, aspirini haipati mahali pa kushika na kinga ya moyo hupungua. Amuulize daktari zipangwe vipi.

Homa ya 2004, na homa zijazo

Watu wa Amu, yaani Lamu, hatuhitaji kufundishwa maumivu ya viungo. Mwaka 2004, baada ya ukame uliofanya kila nyumba iweke maji kwenye mapipa na mitungi, mbu walizaliana humo na chikungunya ikalishika kisiwa. Uchunguzi wa damu wa Oktoba mwaka huo ulionyesha takriban robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Ugonjwa ukaendelea kushuka na bahari hadi Komoro, kisha Réunion. Jina lake ni la Kimakonde na maana yake ni kujikunja, na aliyewahi kuwaona watu wakishuka ngazi kwa makalio asubuhi hatauliza kwa nini. Wengine viungo viliwauma miezi baada ya homa kwisha. Kwa maumivu yale ya baadaye, dawa za ukoo wa diklo zinafaa kweli.

Tatizo ni siku za mwanzo. Mbu yule yule, yule wa mchana mwenye miguu ya madoadoa, hueneza pia kidingapopo, yaani dengi, na pwani yetu tumeiona. Mombasa ilikuwa nayo 2013 na 2014. Siku tatu za kwanza homa hizi mbili hufanana: joto, kichwa, viungo, macho kuuma kwa ndani. Tofauti ni kwamba dengi hushusha chembe za kugandisha damu, na mgonjwa anaweza kuvuja damu. Ukimpa diklo, ibuprofeni au aspirini umezilegeza zile chembe chache zilizobaki. Kwa hiyo mtu mwenye homa ambayo haijapimwa apewe parasetamoli kwa dozi yake na maji mengi, mpaka ijulikane ni ipi. Na malaria ipimwe pia. Diklo inaweza kushusha joto la malaria vizuri tu, mgonjwa akaonekana nafuu huku vimelea vinaongezeka.

Mahali inapostahili sifa

Nimeisema dawa hii vibaya kwa kurasa nzima, na haki haijatendeka. Yapo maumivu ambayo hakuna jirani wala ndugu anayeyaweza kama ukoo huu.

Vijiwe vya figo, ugonjwa usiokosekana kwenye miji ya joto na watu wasiokunywa maji, ni kimojawapo. Anayeviumwa hujigaragaza sakafuni, na hapo sindano moja ya diklo hospitalini, kwa mtu mwenye figo nzima, ni katika tiba za kwanza, kwa sababu inapunguza pia shinikizo na mkazo wa mrija wa mkojo. Jongo lililoshika kidole gumba cha mguu usiku baada ya karamu ya nyama, jino lililong'olewa, kifundo kilichoteguka, baridi yabisi iliyowaka: siku tatu hadi saba za dawa hizi, kwa mtu asiye na hatari nilizozitaja, zinarudisha uhai.

Na chango. Hili nalisema wazi kwa kuwa wasichana wengi huambiwa wavumilie. Wakati wa hedhi mji wa mimba hutengeneza prostaglandini ili ujikaze, na wengine huzitengeneza kwa wingi mno, ndipo yanapokuja yale maumivu ya kulala kifudifudi. Ibuprofeni inaziba chanzo chenyewe, ndiyo maana huzidi parasetamoli hapa. Imezwe maumivu yanapoanza tu, baada ya kula, siku mbili tatu. Ukingoja mpaka umejikunja, prostaglandini zimeshatengenezwa na dawa inafukuza mwizi aliyekwishatoka. Mwanamke anayetafuta mtoto asizitumie kila mara, zinaweza kuchelewesha yai kutoka.

Mjamzito ni hukumu nyingine. Kuanzia wiki ya 20 dawa hizi zinaweza kudhoofisha figo za mtoto tumboni na kupunguza maji anayoogelea. Kuanzia kama wiki ya 28 zinaweza kufunga mapema mshipa karibu na moyo wake ambao unatakiwa ubaki wazi hadi azaliwe. Gharama ya goti la mama anailipa asiyekuwapo kwenye mazungumzo. Aspirini ndogo anayopewa mjamzito kliniki kuzuia kifafa cha mimba ni jambo tofauti, na asiiache kwa sababu ya maneno yangu.

Wenye pumu nao, baadhi yao hubanwa vibaya na ukoo huu wote. Aliyewahi kubanwa na aspirini asijaribu diklo. Mtoto asipewe aspirini kwa homa. Na atumiaye diklo miezi mingi apimwe ini na figo.

Ipo njia moja ambayo watu huidharau: dawa ya kupaka. Jeli ya diklo ikipakwa kwenye goti au kiganja, dawa hupenya hadi kiungoni, na kinachofika kwenye damu ni kama asilimia 6 tu ya kile cha kidonge. Kwa goti na vidole hufanya kazi vizuri. Kwa nyonga au uti wa mgongo, vilivyo ndani sana, usitegemee. Ndiyo njia pekee ya kuielekeza diklo ilipo goti, kwa kuipeleka mwenyewe kwa mkono.

Ami sasa hupaka jeli asubuhi na jioni, anatembea na bakora, na mara moja kwa wiki mkandaji humkanda kwa mafuta ya nyonyo. Kidonge kamwe. Anasema goti linauma kidogo kuliko alivyoogopa. Jioni hukaa barazani karibu na gati, na hamali akipita na pakiti ikichungulia mfukoni, humwita kwa adabu zote, humsalimia, humuulizia mamake na watoto, kisha mbele ya baraza nzima humuuliza choo chake siku hizi kina rangi gani.